Nilienda Berlin Kutembea, Nikamkuta Mjomba

Makala hii haikupangwa kuwa hivi. Mwezi huu ulikuwa uletewe viatu. Mhariri alinipa kurasa nne, akaniambia, "Maadamu unakwenda Berlin kwa mdogo wako, tuletee maduka, tuletee mitindo, tuletee na vijisehemu vya wapendanao kukaa wakanywa kahawa." Na viatu niliviona, tena vya haja. Lakini siku ya tatu kulinyesha tangu alfajiri, ile mvua yao nyembamba isiyojua kukatika, na mdogo wangu akasema, "Dada, leo maduka basi. Kuna makumbusho nataka uyaone."

"Makumbusho ya nini?"

"Twende kwanza."

Mdogo wangu ni muuguzi, mwaka wa tisa huu yuko kule, na hiyo ndiyo tabia yake tangu utotoni: atakufikisha kwanza, maelezo baadaye. Nikavaa koti lake, soksi mbili mbili, tukatoka.

Tulishuka treni kituo cha Nollendorfplatz. Nje ya kituo, ukutani, kuna bamba la jiwe la pembetatu, rangi ya waridi iliyofifia. Watu wanalipita mbio wakiwahi safari zao. Mdogo wangu alinisimamisha palepale mvuani akanitafsiria: limewekwa kwa ajili ya mashoga waliouawa enzi za Hitler, na maneno yake makubwa mawili yanasema waliuawa kwa kipigo, kisha wakauawa tena kwa kunyamaziwa. Wajerumani wana neno moja tu kwa hilo la pili. Kumuua mtu kwa kutomtaja. Nilimwambia arudie.

Pembetatu hiyo si urembo. Katika kambi za mateso za Manazi wafungwa walishonewa alama kifuani, na mwanamume aliyefungwa kwa kosa la kupenda wanaume alishonewa pembetatu ya waridi. Wanahistoria wanakadiria waliopelekwa kambini kwa sababu hiyo walikuwa kati ya 5,000 na 15,000. Wengi hawakutoka hai.

Kutoka hapo tulitembea kidogo, viatu vikiwa vimeshalowa, hadi Lützowstraße namba 73. Nikasoma jina mlangoni, nikasimama.

"Hivi hii ndiyo ile..."

"Ndiyo. Makumbusho ya Mashoga. Unaingia, huingii?"

Niliingia. Sitakudanganya, kwanza niliangalia kushoto na kulia, kana kwamba jirani yangu wa Sinza angeweza kutokea pale Lützowstraße na mfuko wake wa mchicha.

Jina lenye fukuto

Kwa Kijerumani yanaitwa Schwules Museum. Hilo neno la kwanza lilikuwa tusi. Asili yake, nilivyoelezwa, ni neno la hali ya hewa: lile joto la fukuto, la unyevu, shati linaganda mgongoni. Mtu wa Tanga analijua mwezi wa Februari bila kufundishwa na Mjerumani. Miaka ya 1970 vijana wa Ujerumani Magharibi waliokuwa wakitukanwa kwa neno hilo walilichukua wakajiita wenyewe, na ndilo likaja kuandikwa mlangoni.

Nikawaza na neno letu. Bibi yangu alikuwa na mashoga zake wanne au watano, wanawake wenzake wa kupeana siri na kusindikizana harusini. Mpaka leo mwanamke wa Pwani atamwita rafiki yake "shoga" mchana kweupe sokoni, na hakuna atakayegeuka. Neno hilohilo ukilielekeza kwa mwanamume, watu wanatafuta mawe. Katika makala hii nalitumia kwa kuwa ndilo tunaloelewana, si kwa kumtukana mtu.

Ndani usitegemee nguzo za marumaru. Kuna sehemu ya kahawa mlangoni, kuna kumbi za maonyesho yanayobadilishwa kila baada ya muda, kuna maktaba, na kuna hifadhi ya nyaraka ambako watafiti hukaa na glovu zao. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na watu wa kujitolea. Aliyetukatia tiketi alikuwa mzee wa kama miaka 70 mwenye fulana ya sufu iliyochakaa viwikoni. Nilitegemea nini? Sijui. Muziki, pengine, na mataa. Nilichokikuta ni ukimya wa maktaba na harufu ya karatasi kuukuu.

Historia ya makumbusho yenyewe inafurahisha. Mwaka 1984 wanafunzi watatu waliokuwa na kibarua katika makumbusho ya jiji, Andreas Sternweiler, Wolfgang Theis na Manfred Baumgardt, walimshawishi mkubwa wao kuruhusu maonyesho kuhusu maisha ya mashoga na wasagaji wa Berlin kuanzia mwaka 1850 hadi 1950. Wakayaita Eldorado, jina la klabu maarufu ya usiku ya zamani. Watu wakafurika. Maonyesho yakaisha, na hapo wale vijana wakabaki na swali la kila mwenye kukusanya vitu: sasa hivi tunavirudisha wapi? Picha za nani azitunze? Mwaka 1985 wakaanzisha makumbusho yao. Yalikaa miaka mingi mtaa wa Mehringdamm, na mwaka 2013 yakahamia hapa yalipo.

Kwa muda mrefu yalikuwa makumbusho ya wanaume zaidi, na wanawake walilalamika, tena kwa sauti. Kidogo kidogo milango ikafunguliwa kwa wasagaji na kwa watu waliobadili jinsia, mpaka mwaka 2018 ukatangazwa kuwa mwaka wa wanawake humo ndani. Nilicheka niliposoma hilo. Kumbe hata huko mwanamke anasubiri zamu!

Daktari wa maswali na majibu

Mtu mmoja huwezi kumkwepa ukisoma habari hizi: Dakta Magnus Hirschfeld. Alikuwa daktari, Myahudi, na mwenyewe akipenda wanaume. Mwaka 1897, Berlin, yeye na wenzake waliunda kamati ya kupigania kufutwa kwa kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya Ujerumani, kilichomfunga mwanamume aliyelala na mwanamume mwenzake. Waliandika maombi kwa bunge wakakusanya saini za watu wakubwa. Hata Albert Einstein alitia yake. Bunge halikukifuta.

Mwaka 1919 Hirschfeld akafungua taasisi yake ya elimu ya mambo ya jinsia, ya kwanza ya aina yake. Sasa sikiliza hapa, maana wewe ni msomaji wa kurasa hizi za mapenzi kila mwezi. Taasisi ile haikuwa ya mashoga peke yao. Wanandoa wa kawaida walikwenda kuuliza mambo ya chumbani na ya kupanga uzazi. Kulikuwa na sanduku la maswali: unaandika swali lako bila jina, unatumbukiza, na jioni wataalamu wanajibu mbele ya watu. Safu yetu ya "Niambie Ukweli" kumbe ina babu yake Berlin!

Tarehe 6 Mei 1933, miezi michache baada ya Hitler kushika madaraka, wanafunzi wa Kinazi walivamia taasisi wakaibomoabomoa. Siku nne baadaye maktaba yake ilitupwa kwenye moto mkubwa katikati ya jiji, pamoja na vitabu vingine vingi, na sanamu ya kichwa cha Hirschfeld ikabebwa juu ya mti kama kichwa cha adui. Yeye alikuwa nje ya nchi. Alikuja kuuona moto ule akiwa Paris, kwenye jumba la sinema, katika picha za habari. Fikiria umekaa kitini gizani, unatazama kazi ya maisha yako ikiungua, na watu waliokaa pembeni hawajui wewe ni nani. Hakurudi tena Ujerumani. Alifariki Nice, Ufaransa, tarehe 14 Mei 1935, siku ileile aliyotimiza miaka 67.

Mimi kilichonishika zaidi hakikuwa vitabu vyake. Lilikuwa gazeti. Kuanzia mwaka 1924 Berlin ilikuwa na gazeti la wanawake wapendao wanawake, liitwalo Die Freundin, maana yake rafiki wa kike. Liliuzwa vibandani kama gazeti lolote. Ndani yake kulikuwa na hadithi, matangazo ya dansi za wikiendi, na matangazo madogo ya kutafuta mwenza: mwanamke mpole, wa umri fulani, anatafuta rafiki wa kweli. Nimefanya kazi ya magazeti miaka 15, nimepanga matangazo ya namna hiyo mpaka vidole vikaota sugu. Lugha ni ileile. Upweke hauna lahaja. Kifungu cha 175 hakikuwataja wanawake, lakini mwaka 1933 gazeti lao lilikufa pamoja na klabu zao.

Na usidhani sisi tulikuwa mbali na mambo hayo. Siku hizo Dar es Salaam ilikuwa mji wa Mjerumani, na karibu mwaka 1910 mji mzima ulikuwa ukinong'ona kuhusu gavana, Albrecht von Rechenberg. Mhariri wa gazeti la walowezi, Willy von Roy, alimshutumu kwamba anatembea na wanaume, Waafrika wakiwemo. Kesi zikaenda mahakamani. Wanahistoria wanasema chini ya shauri hilo kulikuwa na ugomvi mwingine kabisa: walowezi walimchukia gavana kwa kuona anawapendelea wakulima wa Kiafrika kuliko wao wenye mashamba makubwa. Hiyo sikuikuta ukutani Berlin, nilikuwa nimeisoma nyumbani kitambo. Lakini nilipokuwa nimesimama pale niliikumbuka, maana kuna usemi tunaupenda sana, kwamba mambo haya yameletwa juzi na televisheni. Mjini kwetu yalishajaza mahakama kabla bibi yangu hajazaliwa.

Barua chini ya kioo

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Katika ukumbi wa nyuma kulikuwa na kabati la kioo, chini, unatazama kwa kuinama. Ndani barua. Si za watu maarufu. Karatasi zilizokunjwa mara nne, wino umegeuka kahawia, na pembeni picha ya studio: wanaume wawili wa makamo, mmoja amekaa, mwingine amesimama nyuma yake, mkono begani. Ukiitazama haraka utasema ndugu. Mdogo wangu alinong'ona kwamba vitu vingi hufika hapa kwa njia hiyo, mtu anafariki, nyumba inasafishwa, na mwenye huruma mmoja anaokoa bahasha kabla haijaenda kwenye taka.

Nikahisi magoti yanalegea. Nikatafuta benchi.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi cherehani Ngamiani, Tanga. Alishona nguo za maharusi, na watu walitoka hadi Muheza kumfuata. Hakuoa. Alikaa vyumba viwili na rafiki yake, fundi redio, miaka zaidi ya 20. Sisi watoto tulimwita huyo rafiki "Baba Redio" na tulimpenda, maana alikuwa akituachia tuguse bisibisi. Watu wazima hawakusema kitu. Sikukuu ikifika, mama alipeleka sahani ya biriani, na sahani ilikuwa ya watu wawili. Alijua. Sote tulijua kwa namna ile unavyojua kitu ambacho hujawahi kukisema.

Mjomba alifariki mwaka 1996. Kwenye msiba Baba Redio alikaa mwisho kabisa wa jamvi, karibu na viatu. Hakuna aliyempa mkono wa pole kama mfiwa. Alipewa pole kama jirani. Baada ya arobaini wazee walikaa kugawa vitu, naye akaja, akasimama mlangoni, akaomba kitu kimoja tu: redio ya mjomba, ile ya mbao, ambayo yeye mwenyewe aliiokota mbovu akaifufua. Mzee mmoja akamjibu kwamba mirathi ni ya warithi. Akasema sawa, akaaga, akaondoka. Hakurudi.

Kulikuwa pia na sanduku la bati lenye kufuli ndogo. Kufuli ikavunjwa. Kanzu mbili, mkasi mkubwa wa kukatia, na barua, nyingi, zimefungwa kwa uzi wa cherehani, mweupe. Na picha. Mama alifungua barua moja, akasoma mistari michache, akaikunja. Hakusema kitu. Akalibeba sanduku mpaka nyuma ya jiko, akarundika makumbi ya nazi.

Aliyeleta kiberiti ni mimi. Nilikuwa na miaka 19.

Miaka yote hii nimekuwa nikijiambia tulifanya heshima. Tulimsitiri marehemu. Ndivyo wanavyosema, msitiri ndugu yako. Na labda mama aliwaza hivyo kweli, simhukumu, aliogopa midomo ya watu na alikuwa na wanawe wa kuoza. Lakini pale mbele ya kioo nilijikuta najiuliza, hivi tulimsitiri yeye au tulijisitiri sisi? Maana yeye alikuwa ameshazikwa. Aibu hakuwa nayo tena.

Sijaja hapa kukuambia uamini nini. Dini yangu unaijua, na sheria ya nchi unaijua: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu yetu, tulichorithi kwa Mwingereza tukakiongezea makali mwaka 1998, adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Mimi si mwanasheria wala shehe. Lakini redio? Hakuna aya wala kifungu kilichotuamuru tumnyime mtu redio. Wazee walisema mali ni ya warithi, na ni kweli. Warithi tulikuwa sisi, na hakuna aliyetukataza kutoa.

Waliotoka kambini na kurudishwa ndani

Nilikuwa nimedhani, kama wengi wetu, kwamba Hitler alipoanguka mwaka 1945 mambo yalikwisha. Hapana. Manazi walikuwa wamekikaza kifungu cha 175 mwaka 1935, na chini yao wanaume wapatao 50,000 walihukumiwa. Vita vilipoisha Ujerumani Magharibi ilikiacha vilevile, na makali yake ya Kinazi, hadi mwaka 1969. Katika miaka hiyo ya amani wakahukumiwa tena karibu 50,000 wengine. Kuna waliotoka kambini wakiwa mifupa mitupu, wakarudishwa jela kwa kosa lilelile. Wafungwa wengine wa kambi walipolipwa fidia, hawa hawakuwa wahanga kwa mujibu wa sheria, walikuwa wahalifu. Hivyo wakanyamaza. Waliwaambia nini watoto wa ndugu zao? Kwamba mjomba alikuwa vitani.

Kifungu kilifutwa kabisa mwaka 1994. Hukumu za wakati wa Manazi zilibatilishwa mwaka 2002. Zile za baada ya vita zilisubiri hadi 2017: serikali ikasema fidia ni yuro 3,000 kwa kila hukumu na yuro 1,500 kwa kila mwaka wa kifungo. Mwaka huohuo wa 2017, mwezi Oktoba, wanaume wawili au wanawake wawili wakaruhusiwa kufunga ndoa. Piga hesabu, mtu aliyehukumiwa akiwa na miaka 20 mwaka 1957 alikuwa na miaka 80 aliposafishwa jina. Wengi walikuwa wameshakufa, na sanduku lao limeshachomwa nyuma ya jiko la mtu.

Lakini si kila sanduku huungua. Usiku ule, mdogo wangu akiwa zamu hospitalini, sikupata usingizi nikawa nasoma, na nikakutana na habari ya sanduku la Hirschfeld. Miaka yake ya mwisho alikuwa na mpenzi kijana, Li Shiu Tong, aliyekutana naye Shanghai mwaka 1931, wakati huo Li akisomea udaktari. Hirschfeld alipofariki, sehemu ya urithi ilimfikia Li, naye akaondoka na vitu vya mzee wake. Alihama navyo nchi hadi nchi, karibu miaka 60, mpaka Vancouver, Kanada. Hakuandika kitabu alichokusudia, hakujulikana. Alifariki mwaka 1993. Vyumba viliposafishwa, jirani mmoja alikuta sanduku kwenye takataka za jengo. Alilifungua, akakuta karatasi za Kijerumani, na sura ya maiti ya mtu iliyotengenezwa kwa plasta. Hakumjua ni nani. Hakulirudisha kwenye taka. Aliweka tangazo kwenye intaneti: je, kuna anayemfahamu Magnus Hirschfeld? Hakuna aliyejitokeza. Akalitunza. Karibu miaka 10 baadaye mtafiti wa Berlin, Ralf Dose, aliliona lile tangazo, akamtafuta, na vitu vikarudi Berlin. Ndani mlikuwa na daftari la Hirschfeld kwa mwandiko wake mwenyewe.

Jirani yule hakuwa ndugu wala mwanaharakati. Aliona tu kwamba ni vitu vya mtu.

Kama una safari ya Berlin, jumba hufungwa Jumanne, usije ukapigwa na mvua bure. Kuna wenye hasira nao pia, madirisha yake yameshawahi kupigwa risasi, kwa hiyo usidhani Ulaya yote ni mchekea. Na siku ya mwisho tulipita bustani ya Tiergarten kuona mnara uliozinduliwa mwaka 2008: boksi kubwa la zege lenye kidirisha kidogo, unachungulia unaona filamu ya watu wawili wakibusiana. Mbele yangu alichungulia mama mmoja wa Kijerumani na mjukuu wake. Mtoto akauliza kitu, bibi akajibu, wakaendelea na aiskrimu zao. Kwenye baridi ile!

Jumapili nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula? Huko wanakula nini?"

Tukaongea ya chakula, ya baridi, ya mdogo wangu kwamba amekonda. Kisha nikasema, "Mama, nimemkumbuka mjomba." Akasema Mungu amrehemu. Nikasema, "Nimelikumbuka na lile sanduku." Simu ikanyamaza. Nilidhani vocha imekwisha.

"Zile barua," nikasema, "ulisoma nini?"

"Mambo ya kawaida," mama akasema. "Alikuwa amesafiri, Baba Redio. Alikuwa akimuuliza kama amemeza dawa za presha. Akimwambia asishone usiku, macho yataharibika." Akakohoa. "Mambo ya kawaida tu, mwanangu. Ndiyo maana yalinitisha."

Sikujua niseme nini. Nikamuuliza kama anajua yule mzee yuko wapi sasa. Akasema alisikia yuko Pangani kwa binti wa dada yake, hasikii vizuri, lakini yupo.

"Na ile redio?"

"Ninayo," mama akasema. "Iko juu ya kabati, nimeifunika kitambaa. Haiwaki."